Mfungaji wa Tatu

Tarehe 10 Juni mwaka 2018, katika uwanja wa Afraha mjini Nakuru, Gor Mahia ya Nairobi ilikutana na Simba ya Dar es Salaam katika fainali ya kombe la SportPesa. Gor Mahia ilishinda mabao mawili kwa bila. Mmoja wa waliotia mabao siku ile alikuwa Meddie Kagere, mwanamume wa miraba minne, mzaliwa wa Uganda na mchezaji wa taifa la Rwanda. Hazikupita siku nyingi Kagere akaiaga Nairobi, akavuka mpaka, akavaa jezi nyekundu ya klabu ile ile aliyoifunga.

Kumchukua mtu aliyekushinda ni desturi ya zamani katika mpira, wala si aibu. Lakini jambo lenyewe lastahili kuchunguzwa, kwa sababu Simba haikuwa maskini wa wafungaji. Ilikuwa ndiyo kwanza imetwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ubingwa ambao ilikuwa haijauonja tangu msimu wa 2011/12. Emmanuel Okwi wa Uganda alikuwa amefunga mabao 20 katika ligi, akawa wa kwanza miongoni mwa wafungaji wote wa nchi. Kando yake alisimama John Bocco, mrefu wa kimo, hodari wa kichwa, Mtanzania aliyejenga jina lake kwa miaka mingi katika Azam. Nyumba yenye wafungaji wawili wa namna hii ilikwenda kumtafuta wa tatu. Je, ilikuwa busara?

Nimeliuliza swali hili darasani mara kadhaa, na aghalabu majibu huwa mawili. Kundi la kwanza hujibu kwa methali: fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu. Kundi la pili hujibu kwa hamaki kwamba bao halina uzidi. Apatikanaye na achukuliwe, na mengine yatajipanga yenyewe. Majibu yote mawili yana ladha, ila hakuna hata moja lililotazama uwanjani. Na sisi tunaofundishwa kusoma vitabu kwa uangalifu hatuna udhuru wa kusoma mchezo kwa pupa.

Tuanze na methali. Methali yenyewe haina kosa. Kosa ni la anayeitumia mahali pasipo pake. Msimu ule wa 2018/19 fahali watatu walilala zizi moja, wala zizi halikuvunjika. Kagere alifunga mabao 23 katika ligi ya mechi 38, akawa mfungaji bora, na Simba ikautetea ubingwa wake. Katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika mambo yalianza kwa shangwe vile vile. Tarehe 12 Januari 2019, JS Saoura ya Algeria ilipokuja Dar es Salaam, Okwi alitia bao moja na Kagere mawili. Mwezi mmoja baadaye ikaja Al Ahly ya Misri, klabu iliyolitwaa kombe lile mara nyingi kuliko nyingine yoyote barani. Ikafungwa bao moja katika uwanja ule ule, na mfungaji akawa Kagere. Yasemwa kuwa watu wenye sifa kubwa hawapendani. Huenda ni kweli, lakini kutopendana kwao hakukuonekana katika hesabu ya mabao.

Hapo mtetezi wa mfungaji wa tatu husimama, akajifuta jasho, akaketi, kama wakili aliyekwisha shinda kesi. Laiti kesi ingekwisha hapo ningempa haki yake. Lakini daftari la msimu ule lina ukurasa wa pili.

Kundi la Simba lilikuwa na timu nne, na kila timu ilicheza mechi sita: tatu nyumbani na tatu ugenini. Nyumbani Simba ilishinda zote: mabao matatu kwa bila dhidi ya Saoura, moja kwa bila dhidi ya Al Ahly, na mawili kwa moja dhidi ya AS Vita ya Kinshasa. Ugenini ilipoteza zote: tano kwa bila mbele ya Vita, tano kwa bila mbele ya Al Ahly, na mbili kwa bila mbele ya Saoura. Jumlisha mwenyewe, msomaji. Nyumbani, mabao sita ya kufunga na moja la kufungwa. Ugenini, mabao 12 ya kufungwa, na la kufunga hata moja. Timu iliyosifika kwa wafungaji ilisafiri mara tatu, na mara tatu ikarudi mikono mitupu. Kwa pointi tisa za nyumbani ilipenya hadi robo fainali. Huko TP Mazembe ikaizuia kwa suluhu isiyo na mabao Dar es Salaam, kisha ikaifunga manne kwa moja Lubumbashi. Safari nne, mabao 16 langoni mwake.

Tulipofika hapo mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa ukali wa haki, kama nataka mshambuliaji alaumiwe kwa mabao yaliyoingia upande wa pili wa uwanja. Sitaki. Nataka alaumiwe, ikiwa yuko wa kulaumiwa, aliyegawa mali ya klabu. Maana kila usajili ni ugawaji. Shilingi iliyokwenda mbele haikwenda nyuma. Na kwa kuwa wachezaji wa kigeni katika ligi huwekewa idadi maalumu, kiti alichokalia Mnyarwanda mmoja mbele ni kiti ambacho hakukikalia mlinzi wa kigeni nyuma.

Tutazame sasa kazi yenyewe ya mshambuliaji wa mwisho, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea. Mshambuliaji wa mwisho ni mtu wa kupokea. Kazi yake huanza pale kazi ya wenzake ilipokwisha vizuri. Mlinzi hana budi kunyang'anya mpira bila kuubutua. Kiungo hana budi kuupokea, kugeuka nao, kuona mwanya na kuupitisha kabla mwanya haujafumbwa. Hayo yote yakitimia, ndipo mfungaji anapopata nusu ya dakika ya kuonyesha kwa nini analipwa kuliko wengine. Nyumbani, mbele ya watu wao, Simba waliyatimiza. Clatous Chama, kiungo wa Zambia aliyesajiliwa mwaka ule ule wa 2018, aliupitisha mpira katika matundu ambayo wengine hatukuyaona hata tulipokuwa tumekaa juu tukitazama. Ugenini, timu ilipobanwa katika nusu yake ya uwanja, mpira uliopigwa mbele ulirudi kabla walinzi hawajashusha pumzi. Katika hali hiyo mfungaji husimama peke yake kule mbele kama mgeni aliyefika arusini siku isiyokuwa yake. Ukimwongezea mwenzake, wageni wamekuwa wawili. Arusi bado haijafika.

Tena sheria ya mpira hairuhusu mtu wa kumi na mbili. Kila anayeongezwa mbele huondolewa kati au nyuma. Mwalimu wa Simba wakati ule, Patrick Aussems wa Ubelgiji, alikuwa na hazina mbele ambayo ilikuwa vigumu kuiacha nje, na ni rahisi kwetu kumhukumu tukiwa tumeketi. Mtu akupapo samaki watatu wazuri wakati huna unga wala mafuta, utawatazama kwa huzuni zaidi ya yule asiye na samaki kabisa.

Ni haki kuongeza kwamba bahati nayo ilikuwa kinyume. Shomari Kapombe, beki wa kulia, aliumia mwishoni mwa mwaka 2018 na kukosekana katika siku zile ngumu. Lakini udhuru huu wapingana na wenye kuutoa. Kama kuumia kwa beki mmoja kwatosha kuufungua mlango, basi nyuma palikuwa pembamba tangu mwanzo, na klabu ilipokuwa ikihesabu wafungaji wake kwa furaha haikuhesabu walinzi wake.

Mpenzi wa mpira wa Uingereza atataka kuninyamazisha kwa kunitajia Manchester United. Mwaka 1998 klabu ile ilikuwa na Andy Cole, Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær, na bado ilimnunua Dwight Yorke kutoka Aston Villa kwa paundi milioni 12.6. Msimu ulipokwisha ilikuwa imetwaa vikombe vitatu vikubwa, na katika fainali ya Ulaya mjini Barcelona, tarehe 26 Mei 1999, Bayern München ilikuwa ikiongoza hadi dakika 90 zilipotimia. Sheringham akasawazisha, Solskjær akafunga la pili, na wote wawili walikuwa wameingia kutoka benchi. Ushahidi gani mkubwa kuliko huu? Naukubali wote. Ila mwenye kuutoa husahau kwamba katika likizo ile ile ya mwaka 1998 Manchester ilimnunua pia Jaap Stam wa Uholanzi, beki wa kati, kwa bei isiyopungua sana ile ya Yorke. Mwenye nyumba alinunua mlango na dirisha siku moja. Picha ya Solskjær akitelezea magoti ndiyo iliyobaki ukutani. Ya Stam haikutundikwa.

Na wakitaka mfano wa upande wa pili, upo, tena katika nyumba tajiri kuliko zote za wakati wake. Chelsea ilikuwa bingwa wa Uingereza mara mbili mfululizo, mwaka 2005 na 2006, ikiwa na Didier Drogba mbele. Mwaka 2006 ikamleta Andriy Shevchenko kutoka Milan kwa kiasi cha paundi milioni 30, mtu mwenye mpira wa dhahabu wa mwaka 2004 kabatini kwake. Wakati huo huo iliwaachia mabeki wawili wa kati: William Gallas akaenda Arsenal, Robert Huth akaenda Middlesbrough. Majira ya baridi yalipofika mgongo wa nahodha John Terry ukauma, na Michael Essien wa Ghana, kiungo asiyechoka, akarudishwa nyuma kuziba pengo. Msimu ukaisha Drogba akiwa na mabao 20 ya ligi na Shevchenko manne. Ubingwa ulikwenda Manchester. Sidhani kwamba Shevchenko alikuwa amesahau mpira njiani kati ya Milan na London. Aliletwa mahali ambapo kazi yake ilikuwa na mwenyewe, huku kazi nyingine, isiyo na sifa, ikikosa mtu.

Turudi Msimbazi. Kuna hasara nyingine katika usajili wa mwaka 2018 ambayo husemwa kwa nadra, nayo mimi naiona kubwa, labda kwa kuwa kazi yangu ni kushinda na vijana. Katika dirisha lile lile lililomleta Kagere, Simba iliwasajili pia washambuliaji wa Kitanzania kutoka klabu ndogo: Adam Salamba kutoka Lipuli ya Iringa, Mohamed Rashid kutoka Prisons ya Mbeya, Marcel Kaheza kutoka Majimaji ya Songea. Hawa walikuwa vijana waliofunga mabao katika viwanja vya mikoani, wakaitwa mjini kwa shangwe. Wapi wangecheza? Mbele yao walisimama Okwi, Bocco na Kagere; na siku zile timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji watatu tu katika mechi. Kabla msimu haujafika nusu vizuri Kaheza alikuwa amepelekwa kwa mkopo, na alikopelekwa ni Nairobi, katika AFC Leopards. Kagere alitoka Nairobi akaenda Dar es Salaam. Kaheza akatoka Dar es Salaam akaja Nairobi. Sisi Wakenya tulimpokea vizuri, lakini Watanzania walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mbegu inunuliwe kisha isipandwe.

Mshambuliaji hujifunza kwa kucheza na kukosa. Mwenye miaka 20 aliyekosa mabao matatu siku ya Jumamosi ahitaji kucheza Jumatano, ili alifunge la nne. Akikaa benchi nyuma ya watu watatu wenye majina, hata hayo matatu hatayakosa. Hatakuwa na la kukosa. Ndiyo maana sikubaliani na wale wasemao kwamba kijana hufaidika kwa kumtazama mkubwa akicheza. Mpishi hajifunzi kupika kwa kutazama wengine wakila.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, Simba walikuja tena Nairobi, wakabisha hodi katika nyumba ile ile ya Gor Mahia. Safari hii walimtaka Joash Onyango, beki wa kati wa Harambee Stars. Sikumbuki kelele nyingi zilizopigwa. Beki mwenye ndevu alisafiri kwenda Dar es Salaam, akaanza kazi. Msimu huo huo aliongezwa Taddeo Lwanga wa Uganda, kiungo ambaye kazi yake kubwa ni kusimama mbele ya mabeki na kuharibu mipango ya wenzake. Tukalipata jaribio ambalo mwalimu wa sayansi angelionea wivu: klabu ile ile, mashindano yale yale, na kwa sadfa ya ajabu wapinzani wawili kati ya watatu walikuwa wale wale, yaani Al Ahly na AS Vita. Wa tatu alikuwa Al Merrikh ya Sudan.

Matokeo ya mwaka 2021 ni haya. Kinshasa, mahali palipoingia mabao matano miaka miwili nyuma, Simba ilishinda moja kwa bila. Kwa Al Merrikh suluhu, bila mabao. Kwa Al Ahly ilifungwa moja. Nyumbani ilishinda zote tatu, na Vita ikala manne kwa moja. Katika mechi sita mabao yaliyoingia langoni mwa Simba yalikuwa mawili. Mwaka 2019 yalikuwa 13. Simba iliongoza kundi kwa pointi 13, juu ya Al Ahly, ambayo mwishoni ndiyo iliyolitwaa kombe. Na tazama jambo ambalo wapenda washambuliaji hawalitarajii: mabao ya kufunga nayo yaliongezeka, kutoka sita hadi tisa. Walinzi walipotulia, viungo walitulia. Viungo walipotulia, mpira ulifika mbele ukiwa bado na maana.

Sitaki kulitia jaribio hili uzito usioweza kulibeba. Mwalimu alikuwa mwingine, Didier Gomes. Luis Miquissone wa Msumbiji alikuwa ameongezwa pembeni. Kapombe alikuwa mzima. Na wachezaji walikuwa wamejifunza safari za Afrika zilivyo. Tena robo fainali iliwatoa vile vile, kwa aibu ya namna yake: manne kwa bila mbele ya Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, kisha ushindi wa matatu kwa bila Dar es Salaam uliobakiza bao moja. Onyango hakuwa ukuta wa Jeriko, na hata huo, kama tusomavyo, ulianguka. Hata hivyo, baina ya 13 na mawili pana umbali ambao hausemwi kwa neno bahati.

Halafu ukaja msimu wa 2021/22, na fundisho likaja kwa upande wa pili. Mwezi Agosti 2021 Simba iliwaachia wawili: Chama akaenda Berkane ya Morocco, Miquissone akaenda Al Ahly. Wafungaji wote walibaki. Bocco, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16 katika msimu uliotangulia, alibaki. Kagere, mfungaji bora mara mbili, alibaki. Chris Mugalu wa Kongo, aliyesajiliwa mwaka 2020 kuwa mwenzao, alibaki. Kama bao ni mali ya mfungaji peke yake, hapakuwa na sababu ya kupungukiwa. Lakini ghala lilikauka. Watu walewale, kwa miguu ileile, walionekana kana kwamba wamefungwa mawe. Chama alirejeshwa Januari 2022, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Ubingwa, ambao Simba ilikuwa imeushika misimu minne mfululizo, ulikwenda kwa Yanga, tena bila Yanga kufungwa mechi hata moja. Yasikitisha kusoma lawama zilizowapata washambuliaji wale mwaka ule. Bocco alizomewa na watu ambao miezi michache nyuma walimwimba.

Kwa nini basi viongozi wa klabu, wengine watu wazima wenye akili na elimu, hupendelea mfungaji mwingine kuliko kitu kingine chochote? Nadhani sababu haimo uwanjani. Mfungaji ana hesabu iliyokwisha andikwa: mabao 20, mabao 23. Kiongozi huisoma mbele ya wanachama na kila mtu huielewa. Beki hana hesabu ya namna hiyo. Bao alilolizuia halikutokea, na kitu kisichotokea hakipigiwi picha. Mfungaji hupokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma. Jezi yenye jina lake huuzwa. Uchaguzi wa klabu ukikaribia, jina lake ni kura. Na sisi mashabiki si wasafi, tukisikia kwamba klabu yetu imesajili kiungo wa kuzuia, huuliza mara moja, "Na mbele je?"

Hata hivyo nisifahamike vibaya kuhusu Kagere. Usajili wake wa mwaka 2018 naukubali, kwa sababu moja tu: mwaka ule alisajiliwa pia mtu wa kumlisha. Chama alikuwako. Mipira ilifika mbele, tena kwa wingi, na timu iliyo na mipira mingi mbele yafaidika na mguu mmoja zaidi wa kuimaliza, hasa katika ligi ndefu ambayo watu huumia na kuchoka. Ninalolikataa ni kumchukua mfungaji kama dawa ya kila maradhi. Timu inayokosa mabao kwa sababu nafasi zinapotezwa ina ugonjwa mmoja. Timu inayokosa mabao kwa sababu nafasi hazizaliwi ina ugonjwa mwingine. Na timu inayofunga vizuri lakini ikifungwa zaidi ina wa tatu. Mfungaji mashuhuri huponya ule wa kwanza tu. Kabla ya kutia sahihi, kiongozi angeketi na mechi kumi za nyuma, akahesabu ni mara ngapi mpira ulifika ndani ya kisanduku cha wapinzani kwa namna ya kufungika. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya penseli, daftari na uvumilivu. Wanafunzi wangu wameifanya katika mechi za shule, na matokeo yaliwashangaza: mshambuliaji tuliyemlaumu muhula mzima alikuwa akipata mipira miwili kwa mechi.

Na Gor Mahia, walionyang'anywa mfungaji wao? Watu walitabiri njaa. Gor Mahia ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka ule ule wa 2018, ikautwaa tena msimu wa 2018/19. Jacques Tuyisenge, Mnyarwanda mwingine, ambaye naye alikuwa amefunga kule Nakuru, alibaki mbele, na nyuma yake palibaki timu iliyojuana. Hawakuharakisha kutafuta jina la kulinganisha na jina lililoondoka.

Kagere mwenyewe alifunga mabao 22 katika msimu wa 2019/20, akawa wa kwanza tena. Kisha akaletwa Mugalu, na yule aliyekuwa bora wa nchi misimu miwili mfululizo akajikuta mara nyingi akivua koti benchi dakika za mwisho. Mwaka 2022 aliondoka, akaenda Singida Big Stars. Katika majira yale yale Simba walimleta mshambuliaji Moses Phiri kutoka Zanaco ya Zambia. Januari 2023 akafuata mwingine, Jean Baleke wa Kongo. Ubingwa wa msimu ule ulikwenda Jangwani tena, kwa Yanga.